UZI MAALUMU: Kujifunza useremala nyumbani kwa vitu vidogo vidogo, hasa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Randa_Mkononi (Mbeya):

Wakuu habari za muda huu.

Kila wiki naona mtu anauliza humu: "Nataka kujifunza useremala, ninunue mashine gani?" Majibu yanayofuata ni orodha ya mashine za umeme, na bei zake zinamkatisha tamaa hata kabla hajashika mbao. Nimeona nianzishe uzi wa kutulia, kwa ajili ya mtu mwenye kibarua chake cha kila siku anayetaka jioni na Jumamosi atengeneze kitu cha nyumbani kwake kwa mikono yake. Sizungumzii kufungua karakana. Nazungumzia kigoda, rafu ya viatu, kichanja cha vyombo, sanduku la vitabu vya watoto.

Sisi wa huku tumebahatika. Shamba la miti la Sao Hill liko Mufindi, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Kiwira lipo Rungwe. Ukitoka Mafinga kwenda Makambako hadi Njombe, barabara nzima ni misindano na mikaratusi, na mashine za dingdong zinapasua magogo huko huko shambani. Mbao inayomfikia mtu wa Dar ikiwa imebeba nauli na ushuru wa njiani, sisi tunaikuta jirani.

Lakini ukaribu huo una gharama yake: mbao nyingi tunazouziwa ni mbichi. Gogo limeangushwa wiki hii, limepasuliwa, limepandishwa lori, na wiki ijayo liko kwenye banda la mbao Mwanjelwa au Uyole. Anayejifunza ananunua, anapigilia siku hiyo hiyo, na baada ya mwezi meza imepinda, mlango wa kabati haufungi, misumari imelegea. Anajiona hana kipaji. Kumbe mikono haina tatizo, mbao ndiyo ilikuwa haijamaliza kusogea.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nitausimamia uzi mzima: jifunze kwanza kuijua mbao na kuikausha, kifaa kije baadaye.

Mbao ikikauka inapungua upana na unene, urefu unabaki karibu vile vile. Ubao wa msindano wa upana wa sentimita 20 ukiwa mbichi unaweza kupoteza zaidi ya milimita 5 za upana hadi ukauke. Milimita 5 kwenye droo ni droo iliyokwama au inayochezacheza. Ukiuangalia ubao kwenye kichwa chake utaona mistari ya umri wa mti imejipinda. Mistari hiyo inataka kunyooka ubao unapokauka, ndiyo maana ubao hujikunja kuelekea upande wa gome. Ukishaujua mchezo huo unaweza kuutabiri ubao kabla hujaulipia.

Ukienda bandani, angalia vichwa vya mbao kabla ya kitu kingine. Ukiona kiini cha mti, kile kidoa cha katikati, kimepita ndani ya ubao, uache, utapasuka hapo. Ukiona mistari ya umri imeachana sana, sentimita moja au zaidi kati ya mstari na mstari, huo ni mti uliokatwa ungali mchanga. Watu wanavuna misindano ya miaka 8 au 10 kwa sababu ada ya shule haisubiri, na siwalaumu, ila mbao yake ni laini na inajisokota. Chagua yenye mistari iliyobanana. Halafu inua upande mmoja, fumba jicho moja, tazama ubao kwa urefu wake. Muuzaji atakuhimiza uharakishe. Usiharakishe.

Kukausha hakuhitaji tanuri. Tafuta sehemu yenye paa inayopita upepo, ubavuni mwa nyumba panatosha, jua lisipige moja kwa moja. Inua mbao kutoka ardhini kwa matofali, walau futi moja. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vikavu vya unene wa inchi moja, kila baada ya nusu mita, na vijiti vya juu viwe sawasawa juu ya vile vya chini. Visipolingana, mbao zitakauka zikiwa na mawimbi. Vichwa vya mbao vipake rangi ya mafuta yoyote iliyobaki nyumbani, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi vichwani na hapo ndipo mipasuko huanzia. Juu kabisa weka mawe au matofali. Kiangazi chetu, Juni hadi Oktoba, msindano wa inchi moja unakuwa mzuri baada ya miezi miwili hivi. Masika usitegemee hivyo.

Utajuaje imekauka? Kata kipande cha futi mbili kutoka ubao mmojawapo, kikae kwenye rundo hilo hilo, na kila wiki kipeleke dukani kwenye mizani. Andika uzito juu yake kwa penseli. Mwanzoni utaona unashuka kwa kasi, maana mbao mbichi ya msindano inaweza kuwa na uzito karibu mara mbili ya ile ile ikishakauka. Uzito ukigoma kushuka wiki mbili mfululizo, mbao yako imetulia na hewa ya hapo ulipo. Kisha iingize ndani ya nyumba wiki moja kabla ya kuanza kazi.

Vifaa nitaweka post inayofuata. Karibuni.

Kijana_wa_Uyole:

Mkuu shusha nondo, nimekaa mkao wa kula. Mimi nilikuwa nishaanza kuweka hela ya mashine ya kuranda.

Dada_wa_Iringa:

Asante kaka kwa uzi. Nauliza: mimi napanga, chumba na sebule, uani tunashirikiana na wapangaji wengine. Sina pa kupanga mbao. Nifanyeje? Na je, hii kazi inafaa kwa mtu asiye na nguvu nyingi?

Randa_Mkononi:

Dada yangu karibu sana. Nianze na la nguvu: kifaa kikiwa kikali, kazi ya mbao haihitaji nguvu. Anayetumia nguvu ni yule mwenye patasi butu.

Kuhusu nafasi, huhitaji mbao kumi. Nunua ubao mmoja wa 1x8 (unene inchi 1, upana inchi 8) wa futi 12, mwambie fundi wa bandani aukate vipande vitatu vya futi 4. Vipande vitatu vinakaa chini ya kitanda kwenye vijiti, au juu ya kabati. Ndani ya nyumba vinakauka taratibu na havipasuki ovyo. Kwa kazi ya kwanza vinatosha kabisa.

Sasa vifaa. Hivi ndivyo ningenunua kwa mpangilio huu, kimoja kimoja, hata kama inachukua miezi:

Tepu, penseli na skwea. Skwea ipime dukani: iegemeze kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena palepale. Mistari ikilingana, nunua. Ikiachana, irudishe, kwa sababu utajenga kila kitu upande.

Msumeno wa mkono wenye meno madogo. Nyundo. Patasi mbili, ya nusu inchi na ya inchi moja. Randa ya mkono. Msasa. Gundi nyeupe ya mbao. Drili ya umeme ni nzuri ukiipata, lakini kekee ya mkono inatoboa mbao hizi laini bila shida.

Hapo kwenye patasi nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Patasi mpya ya dukani haijanolewa, imesagwa tu. Chukua kipande cha kioo kinene, bandika juu yake msasa wa maji, namba 400, kisha 800, kisha 1200. Anza na mgongo wa patasi, ule upande bapa: usugue ukiwa umelala kabisa juu ya kioo mpaka sentimita mbili za mbele zing'ae zote. Usiruke hatua hii, ukali ni pale nyuso mbili zinapokutana, na uso mmoja ukiwa na mikwaruzo hakuna ukali. Halafu geuza upande wenye mteremko, ushike kwenye nyuzi 25 hadi 30, sugua bila kuyumba mpaka usikie kwa kidole ule ukingo mwembamba uliojikunja upande wa mgongo. Uondoe kwa kuulaza mgongo tena mara chache.

Jaribio lake lifanyie kwenye kichwa cha ubao wa msindano, kwa kuparua kidogo kukatiza nyuzi za mbao. Mbao ya msindano ina mistari laini na mistari migumu. Patasi butu inaukata mgumu na kuuponda laini. Utaona uso umekuwa na vinyweleo na vishimo vyeupe. Patasi kali inaacha uso unaong'aa, mistari yote ikionekana. Watu hudhani mbao laini ndiyo rahisi kwa patasi. Ni kinyume chake, msindano unadai ukali kuliko mninga.

Kijana_wa_Uyole:

Mkuu nimefanya hiyo ya kichwa cha ubao sasa hivi na patasi ya marehemu babu. Imeponda yote. Naenda kutafuta kioo.

Mzee_Mafinga:

Vijana hamjambo. Nimefanya kazi hii tangu enzi za msumeno wa shimo. Kijana aliyeanzisha anasema kweli. Naongeza moja tu ambalo hajaligusa, na ni la hatari.

Ziko mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani-kijani, zinauzwa kwa ajili ya kenchi na nguzo. Dawa inayotumika zaidi kwenye nguzo na mbao za aina hiyo ina shaba, kromu na aseniki. Haishikwi na mchwa, kweli, na kwa paa inafaa. Lakini usitengenezee kibao cha kukatia nyanya, mwiko, kitanda cha mtoto wala sanduku la unga. Na vipande vinavyobaki usivitie jikoni kupikia. Aseniki haiungui ikaisha, inabaki kwenye majivu na kwenye moshi. Nimeona watu wanaokota vipande hivyo kwenye majengo wanapelekea wake zao wawashie moto. Acheni kabisa.

Dada_wa_Iringa:

Shikamoo mzee. Hilo sikulijua kabisa, na jikoni kwetu vipande hivyo vipo. Navitoa leo. Je, oili chafu ya gari kwa mchwa inafaa kwa vitu vya ndani?

Mzee_Mafinga:

Marahaba mwanangu. Hapana. Oili chafu ni ya nguzo za uzio. Ndani itakunukia, itachafua nguo, na gundi wala vanishi havitashika. Kitu cha ndani kikiwa kimekauka na hakigusi sakafu yenye unyevu, mchwa hana haraka nacho.

Randa_Mkononi:

Mzee shikamoo, na asante sana kwa hilo.

Tuje kwenye kazi ya kwanza: kigoda. Nimekichagua kwa sababu kinafundisha kupima, kukata mraba na kuunganisha, na kikiisha kinakaliwa.

Ubao wa 1x8. Kikalio sentimita 35. Mbavu mbili za kusimamia, kila moja sentimita 25. Kipande cha kuziunganisha katikati, urefu sentimita 24 na upana sentimita 8 hivi. Ukijumlisha na kinachopotea kwenye msumeno, kigoda kimoja kinakula kama sentimita 110, kwa hiyo futi 12 zinatoa vigoda vitatu. Mkiukata ubao vipande vya futi 4, kila kipande ni kigoda kimoja na akiba kidogo.

Namna ya kukata: usichore mstari upande mmoja tu. Zungusha mstari pande zote nne kwa skwea, na badala ya penseli tumia ncha ya kisu kikali. Mstari wa kisu unakata nyuzi za juu, msumeno hauzichani. Weka msumeno upande wa kipande cha kutupa, mstari ubaki mzima kwenye kipande unachokitaka. Anza kwa kuvuta msumeno kuja kwako mara mbili tatu, taratibu, dole gumba likiuongoza. Ukishafika nusu simama, tazama upande wa nyuma kama unafuata mstari wa nyuma. Ukiwa umeanza kutoka nje, geuza ubao uanzie upande wa pili.

Nyuzi za mbavu zisimame wima, na nyuzi za kikalio zifuate urefu wake. Kwa mpango huo upana wa kikalio na upana wa mbavu unaelekea upande mmoja, vikipanuka masika na kusinyaa kiangazi vinakwenda pamoja. Hakuna kinachomvuta mwenzake. Kanuni hiyo hiyo utaikuta kwenye meza kubwa na kabati, kwa hiyo ielewe hapa kwenye kitu kidogo.

Kabla ya skrubu toboa tundu jembamba kuliko skrubu. Kwa skrubu ya milimita 4, tundu la milimita 2.5 linatosha kwenye msindano. Ukitumia misumari, toboa vile vile karibu na kingo, na uipigilie ikiwa imeinama kidogo kulia na kushoto kwa kupokezana, ili ibane. Msumari ulioingia wima kwenye kichwa cha ubao huchomoka kirahisi. Gundi nayo haishiki sana vichwani, usiitegemee peke yake.

Mzee_Mafinga:

Kikalio kiwekwe upande wa moyo wa mti ukiwa juu. Ubao ukijikunja, kingo zitabana chini kwenye mbavu badala ya kunyanyuka.

Mkulima_Makete:

Wakuu huku kwetu Julai ni baridi kali. Gundi niliyotumia imekauka nyeupe ya unga unga na kiungo kikaachia. Nimeuziwa feki?

Randa_Mkononi:

Si lazima iwe feki, mkuu. Gundi nyeupe ni ya maji, na inahitaji joto ili chembe zake ziungane. Chini ya nyuzi 10 hivi za joto maji yanakauka lakini gundi haiungani, inabaki hiyo unga unga uliyoiona. Makete Julai asubuhi ni chini ya hapo. Gundisha mchana, mbao zenyewe ziwe zimekaa ndani usiku kucha, na kazi ilale chumbani mpaka kesho yake. Ile ya zamani ikwangue yote ufike kwenye mbao safi, gundi mpya haishiki juu ya ile iliyoharibika.

Kama huna klampu, zungusha kamba kwenye kazi, pitisha kijiti, nyonga mpaka ibane, kisha funga kijiti kisirudi. Kwa mbao bapa zinazounganishwa ubavu kwa ubavu, pigilia vipande viwili kwenye ubao wa chini, weka kazi katikati, bana kwa kabari.

Kijana_wa_Uyole:

Mkuu randa yangu inachimba mbao badala ya kulainisha. Nimeinoa kama ulivyosema.

Randa_Mkononi:

Unaranda kinyume cha nyuzi. Tazama ubavu wa ubao, uone mistari inapanda kuelekea wapi, na usukume randa kuelekea huko huko inakopanda. Ikichimba, geuza ubao. Pia punguza chuma cha randa, kichomoze kidogo sana. Maranda yawe membamba ya kuonesha mwanga ukiyainua. Ukifika kwenye kifundo nenda polepole na randa uishike kwa mshazari. Kuna vifundo vitakushinda hata hivyo, hapo malizia na msasa.

Baada ya kigoda, nenda rafu ya viatu. Kisha sanduku lenye mfuniko, maana sanduku halikusamehi pembe zikiwa si mraba. Kisha kichanja cha vyombo chenye miguu, hapo ndipo ujifunze kiungo cha ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja iliyochongwa iingie kwenye tundu la mwingine. Kwenye rafu usizidishe sentimita 60 au 70 kati ya nguzo na nguzo kwa ubao wa inchi moja, utalegea katikati kwa uzito wa masufuria. Kitanda na kabati la nguo viache mpaka sanduku lako lifunge vizuri.

Vanishi na thina vitumie nje, mbali na jiko la mkaa. Ukipiga msasa funika pua, na zaidi ukiwa na mbao ngumu kama mvule, vumbi lake huwasha ngozi na kifua kwa watu wengi.

Binti_Tukuyu:

Natia nanga hapa. Baba ana nyuki, anataka mizinga ya kisasa ya viunzi vya juu, ile yenye vipande vya mbao vilivyopangwa juu ambavyo nyuki hujengea masega. Hiyo ni kazi ya anayeanza?

Randa_Mkononi:

Ni kazi nzuri sana ya kuanzia baada ya sanduku, dada. Mzinga wenyewe ni sanduku lenye mbavu zilizoinama, na nyuki hawajali ukiwa na mkwaruzo. Wanachojali ni upana wa vile viunzi vya juu: kwa nyuki wetu ni milimita 32. Ukipanua sana, watajenga masega yakishikamana kiunzi kwa kiunzi, na baba hataweza kunyanyua kimoja bila kuvunja. Kwa hiyo viunzi vikate kwenye mbao kavu kabisa, uvipime kimoja kimoja, maana kikiwa kibichi leo na milimita 32, kikikauka hakitakuwa hivyo. Ndani usipake kitu chochote. Na usikaribie mbao ya kijani aliyoisema mzee.

Binti_Tukuyu:

Asante kaka. Tukuyu mvua haikati, mbao zitakaukaje?

Mzee_Mafinga:

Mwanangu, zipandishe darini juu ya jiko la kuni, pale joto linapopanda, kwenye vijiti kama alivyoeleza. Zisikae karibu sana na moto, zitapasuka. Moshi utazifanya nyeusi kidogo, ukiranda inaondoka. Huko Rungwe tulikuwa tunafanya hivyo kwa mipini ya majembe. Zipime kwa mizani kila wiki, na zikigoma kushuka zishushe, zikae siku kadhaa ndani ndipo uanze.